Beseni la Maji Moto na Ndege wa Pwani

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Juma hili tutazame mafuta yanayomwagika baharini, na kazi ambayo wengi huicheka: kumwosha ndege.

Mkazi wa Kilwa au Lindi atauliza, hayo yanatuhusu nini? Kwetu kuna gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na gesi si mafuta ya kuganda kwenye mikoko. Ni kweli. Lakini tarehe 23 Juni, 2000, meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Haikuwa meli ya mafuta. Ilibeba madini ya chuma. Yaliyovuja ni mafuta yake yenyewe ya kuendeshea mitambo, nayo yaliwapaka pengwini wapatao 19,000. Na meli za mizigo hupita mbele ya pwani yetu pia.

Manyoya ya ndege yamepangana kama makuti juu ya paa. Mafuta yakiingia, mpangilio huvurugika, maji hupenya hadi ngozini, na ndege huganda kwa baridi. Akijisafisha kwa mdomo, hula sumu.

Binadamu alichelewa kujifunza tiba yake. Mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilipopasuka mwambani Uingereza, ndege karibu 8,000 waliokotwa na kuoshwa. Waliopona ni wachache mno. Mwaka 1971 meli mbili za mafuta ziligongana San Francisco, Marekani. Muuguzi mmoja, Alice Berkner, akaanzisha chama cha kuokoa ndege. Miaka ya sabini ilikuwa ya kujaribu dawa hii na ile, mpaka ikaonekana kwamba sabuni ya kuoshea vyombo ndiyo inayofaa.

Lakini sabuni peke yake haitoshi. Ndege hapelekwi mbio kwenye beseni. Kwanza hupashwa joto, hunyweshwa, hupumzishwa. Kisha watu wawili humwosha kwa maji ya moto wa wastani, beseni baada ya beseni. Halafu husuuzwa sana, kwa kuwa sabuni ikibaki, manyoya hayazuii maji.

Kule Cape Town, zaidi ya tisa katika kila pengwini kumi waliochafuka walirudi baharini. Kwa nini? Kwa sababu chama cha kuwatunza kilikuwapo tangu mwaka 1968. Maelfu ya watu waliojitolea walikuta wenzao wanaojua kazi.

Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Kila mwaka ndege wageni huja kutoka kaskazini, kama yalivyokuja majahazi ya Uarabuni, wakala kaa bahari inapokupwa. Fukwe hizohizo ndizo akina mama wanakotafuta pweza.

Hatudai hospitali ya ndege. Tunasema wavuvi, ambao ndio watakaoyaona mafuta kwanza, wafundishwe mapema nani apewe taarifa, boya za kuzuia mafuta ziko wapi, na ndege ashikwe vipi. Darasa hilo halifunguliwi siku meli inapozama.