Bei ya Mzigo wa Kakao: Upinzani na Serikali katika Ghana, 1954 hadi 1972

Mwezi wa Agosti, mwaka 1954, Bunge la Gold Coast, nchi iliyokuja kuitwa Ghana, lilipitisha sheria fupi juu ya fedha za kakao. Sheria hiyo iliweka bei ya mkulima kuwa shilingi 72 kwa kila mzigo wa ratili 60, isipande wala isishuke kwa muda wa miaka minne. Aliyeipeleka mbele ya Bunge ni K. A. Gbedemah, Waziri wa Fedha katika serikali ya Kwame Nkrumah. Uchaguzi mkuu ulikuwa umekwisha miezi miwili tu nyuma, na chama cha Nkrumah, Convention People's Party, kilikuwa kimejipatia viti 72 katika viti 104. Kulingana kwa hesabu hizo mbili ni sadfa. Lakini wakulima wengi walikuwa wamepiga kura wakitumaini bei kubwa zaidi, na baada ya kura wakapewa ile ile ya zamani.

Hesabu yenyewe yafaa ifanywe polepole, kwa kuwa ndiyo kiini cha ugomvi wote. Tani moja ya Kiingereza ina ratili 2240, yaani mizigo 37 na theluthi moja. Kwa shilingi 72 kila mzigo, mkulima alipata kiasi cha pauni 134 kwa tani. Katikati ya mwaka huo bei ya kakao katika soko la London ilipita pauni 400. Hata baada ya kuondoa gharama za magunia, malori, bandari na meli, ilibaki tofauti kubwa, na tofauti hiyo haikufika kijijini. Sehemu yake ilichukuliwa kuwa ushuru wa mali iendayo nje, na sehemu ikaingia katika akiba ya Bodi ya Kakao.

Serikali haikuwa bila hoja, na atakayeisoma historia hii kwa haki hapana budi azipime. Fedha nyingi zikimwagika ghafula mikononi mwa wakulima, ilhali bidhaa madukani ni zile zile, nguo na samaki vingepanda bei hata kwa mtu wa mjini asiye na mti mmoja wa kakao. Tena nchi ilitaka shule, barabara na bandari, na mali yake kubwa ya kuuza ilikuwa hiyo moja. Asiyependa kwenda kukopa kwa wageni angezipata wapi fedha kama si hapo? Mwisho, bei ya dunia ni kigeugeu, na iliyopanda mwaka huu huenda ikaanguka mwaka ujao. Yote matatu yalikuwa kweli, na hilo la tatu lilikuja kuwa kweli kupita lilivyotazamiwa.

Jawabu la wapinzani laweza kuelezwa kwa neno moja la Kiswahili: amana. Bodi ya Kakao ilipoanzishwa mwaka 1947, wakulima waliahidiwa kwamba fedha zitakazowekwa katika miaka ya neema zitatumika hasa kuwakinga katika miaka ya dhiki. Ilikuwa kama ghala la Yusufu katika nchi ya Misri. Sasa mtu akiweka mahindi kwa jirani yake, jirani hana haki ya kuyapika kwa sababu amejiwa na wageni, hata wageni hao wawe watu wa heshima. Ikiwa fedha zile zilikuwa amana, basi wenyewe wangeulizwa kabla hazijaguswa. Na ikiwa zilikuwa kodi, basi ziitwe kodi, na kila mtu atozwe kwa kadiri ya uwezo wake. Maana wakili wa Accra na mfanyabiashara wa mjini hawakuwa wakikatwa zaidi ya nusu ya pato lao kama alivyokatwa mkulima. Hoja hii ilikuwa na nguvu, na serikali haikuijibu vizuri kamwe. Mwaka huo huo wa 1954 mtaalamu wa uchumi P. T. Bauer alitoa kitabu chake juu ya biashara ya Afrika ya Magharibi, akilaumu bodi za namna hii kwa sababu zilizokaribiana na hizo, ingawa yeye hakuwa na shamba wala kura katika nchi ile.

Wala jambo hili halikuwa la Gold Coast peke yake. Huku Afrika ya Mashariki, ghasia za Buganda za Aprili 1949 zilikuwa na dai la pamba ndani yake: wakulima wa Kiganda walitaka bei bora na ruhusa ya kuichambua pamba yao wenyewe. Serikali ya kikoloni ya Uganda nayo ilikuwa imeweka fedha za pamba katika mifuko ya akiba kwa kisingizio kile kile cha kuzuia bei isiyumbe. Tofauti ni kwamba katika Gold Coast waliotawala fedha hizo mwaka 1954 walikuwa Waafrika waliochaguliwa kwa kura, na kwa hiyo lawama ilikuwa chungu zaidi.

Mwezi wa Septemba wakulima na vijana wa Ashanti walikusanyika Kumasi wakaanzisha chama cha National Liberation Movement. Mwenyekiti wao alikuwa Baffour Osei Akoto, mmoja wa wasemaji wakuu wa Asantehene, mfalme wa Waashanti. Hapo ndipo hoja ya kakao ilipoanza kupotea njiani. Chama kilichoanza kwa bei ya mzigo kilijikuta baada ya muda mfupi kinadai katiba ya shirikisho, heshima ya machifu na haki ya Ashanti mbele ya watu wa pwani. Mwezi wa Oktoba mmoja wa viongozi wake aliuawa mjini Kumasi, na tangu siku hiyo nyumba zilipigwa mabomu na watu wakahama mitaa yao. Mkulima wa kakao aliyekaa nje ya Ashanti, ambaye alikatwa shilingi zile zile, hakuona sababu ya kupigania kiti cha mfalme wa Kumasi. Wabrong, waliokuwa na kakao nyingi lakini hawakupenda kuwa chini ya Kumasi, walielekea zaidi upande wa Nkrumah. Wapinzani walikuwa na hesabu iliyomhusu kila mkulima nchini, wakaisema kwa lugha ya kabila moja.

Mara moja waliisema vingine, na matokeo yake ni funzo la pekee katika habari hii. Mwaka 1952 serikali ilikuwa imeunda kampuni ya kununua kakao, Cocoa Purchasing Company, ambayo pia iliwakopesha wakulima ili wajikomboe katika madeni. Wapinzani walishtaki kwamba mikopo hiyo ilitolewa kwa kuangalia kadi ya chama. Hapo hawakusimama juu ya mila wala nasaba. Walidai vitabu vya hesabu vifunguliwe. Serikali ilikubali uchunguzi, na mwaka 1956 tume iliyoongozwa na jaji wa Nigeria, Sir Olumuyiwa Jibowu, ilithibitisha sehemu kubwa ya mashtaka hayo. Mwaka uliofuata kampuni ikafungwa. Upinzani usio na wingi wa viti ulikuwa umeishinda serikali kwa ushahidi.

Ushindi huo haukuwafaa katika uchaguzi wa Julai 1956. Chama cha Nkrumah kilipata viti 71 katika 104. Hata ndani ya Ashanti kilipata 8 kati ya 21. Profesa K. A. Busia, kiongozi wa upinzani Bungeni, alikwenda London kuwasihi Waingereza wasiharakishe uhuru kabla ya mambo ya katiba kutengemaa, na safari hiyo ilimpa Nkrumah silaha ambayo hakuhitaji hata kuinoa. Uhuru ulikuja tarehe 6 Machi 1957. Mwaka 1958 ilipitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwashtaki, na mwaka 1959 Busia akaenda kuishi ugenini. Mwaka huo huo bei ya mkulima ilishushwa kutoka shilingi 72 hadi 60. Ilisemwa kwamba wakulima walitoa shilingi 12 kwa hiari yao ili kusaidia maendeleo. Baraza lililotoa hiari hiyo kwa niaba yao lilikuwa tawi la chama kilichotawala.

Julai 1961 ilikuja bajeti iliyowagusa na wasiokuwa na mashamba. Iliongeza kodi juu ya bidhaa, na ikaagiza kwamba kila mwenye mshahara uliozidi pauni 120 kwa mwaka akatwe tano kwa mia, naye apewe hati za serikali za kulipwa baadaye. Mwezi wa Septemba wafanyakazi wa reli na bandari wa Sekondi na Takoradi waliweka zana chini. Hawa walikuwa watu walewale waliogoma mwaka 1950 kumsaidia Nkrumah dhidi ya Waingereza. Mwenzao maarufu wa mgomo ule, Pobee Biney, alikuwamo tena. Wanawake wa sokoni waliwalisha. Nkrumah alikuwa safarini Urusi na nchi nyingine za mashariki, na waliobaki walitangaza hali ya hatari. Mgomo ulidumu siku 17.

Hapa hapakuwa na kabila, wala mfalme, wala shirikisho. Palikuwa na swali la kodi lililo wazi: nani analipa, na waliokula wanakatwa nini? Nkrumah mwenyewe, katika hotuba ya redio ya alfajiri mwezi wa Aprili mwaka huo, alikuwa amewakemea viongozi wa chama chake kwa kujitajirisha. Wafanyakazi waliyasikia maneno hayo, kisha wakaona makato yanaanzia kwao. Lakini swali lilipofika katika usafi huo, mahali pa kuliuliza palikuwa pameziba. Mwanzoni mwa Oktoba, viongozi wa mgomo pamoja na wapinzani, Dakta J. B. Danquah na Joe Appiah miongoni mwao, waliwekwa kizuizini. Gbedemah, mwandishi wa sheria ya 1954, alikuwa ameondolewa katika wizara. Mwezi huo huo alisimama Bungeni akapinga mswada wa mahakama maalumu, kisha akakimbilia nje. Danquah aliachiliwa mwaka 1962, akakamatwa tena Januari 1964, akafa katika gereza la Nsawam tarehe 4 Februari 1965.

Katika mwaka huo wa kifo chake bei ya kakao duniani ilianguka chini ya pauni 100 kwa tani. Huo ndio mwaka wa dhiki uliokuwa umeagizwa tangu 1947, na ghala lilikuwa tupu. Fedha zilikuwa zimekuwa shule, bandari ya Tema na viwanda, na nyingine zilikuwa zimekuwa mambo ambayo hayakuonekana kwa macho. Serikali ikapunguza tena bei ya mkulima. Bwawa la Akosombo lilifunguliwa Januari 1966, na mwezi uliofuata Nkrumah akapinduliwa.

Busia alirudi, na mwaka 1969 akawa Waziri Mkuu. Chama kikubwa cha upinzani kiliongozwa sasa na Gbedemah. Watu wawili hao walikuwa wamebadilishana viti kana kwamba ni mchezo wa kuigiza. Bajeti ya Julai 1971 ilileta kodi mpya ya maendeleo juu ya mapato. Vyama vya wafanyakazi vilipinga, na mwezi wa Septemba serikali ya Busia ikapitisha sheria ya kulivunja shirikisho lao. Wanaotaka kumtetea husema kwamba madeni aliyoyarithi yalikuwa mazito na kakao ilikuwa imeshuka tena, na ni kweli. Lakini maneno hayo hayakutofautiana sana na yale yaliyosemwa na Gbedemah mwaka 1954. Mwishoni mwa Desemba thamani ya fedha ya nchi ilipunguzwa vikali. Tarehe 13 Januari 1972 Kanali I. K. Acheampong alitwaa serikali. Kodi ya maendeleo ilifutwa, na wafanyakazi wakarudishiwa shirikisho lao. Bunge lilivunjwa, na bei ya kakao ikaendelea kutangazwa na serikali kila msimu.