Mistari Miwili ya Debian

Wanahisabati wa usimbaji fiche wana kawaida ya kutufukuza sisi waandishi wa programu: ya programu pelekeni kwingine. Mimi huwajibu kwa kisa cha mfumo endeshi wa Debian. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL, programu ya usimbaji fiche, humo alizima mistari miwili ya msimbo, kisa ilizua maonyo kwenye zana ya kukagua kumbukumbu. Hisabati haikuguswa hata nukta. Kumbe mmojawapo ndio uliokoroga namba za nasibu za kutengenezea funguo! Chanzo cha nasibu kikabaki namba ya mchakato pekee, isiyozidi 32,768, na funguo zilizopaswa kushinda mchanga wa pwani kwa wingi zikawa za kuorodheshwa. Kasoro ilitangazwa Mei 2008. Seva yangu ilikuwa na ufunguo wa aina hiyo. Nilikesha nikitengeneza mwingine.