Profenofosi

Profenofosi ni sumu ya kuulia wadudu na utitiri, ya jamii ya oganofosfati, ambayo kwa asili ni kimiminika cha manjano hafifu chenye harufu ya kitunguu saumu, na ambayo dawa yake ya dukani ikitiwa majini hugeuka nyeupe mithili ya tui. Katika maduka ya pembejeo ya Kariakoo, kandokando ya soko, huuzwa kwa chupa, aghalabu kwa nguvu ya gramu 720 katika lita, ikapigwe kwenye nyanya na kabichi ambazo baadaye hurejea soko lilo hilo. Huzuia kimeng'enya cha asetilikolinesterasi, hata mishipa ya fahamu ikakosa kutulia. Na kwa kuwa binadamu naye anacho kimeng'enya hicho, aliyedhurika hutokwa na mate na jasho, mboni zikasinyaa, pumzi zikamwia dhiki, naye hutibiwa hospitalini kwa atropini. Shirika la Afya Duniani limeiweka daraja la pili, la hatari ya wastani. Hata hivyo, twaona si haki muuzaji kuimimina katika vichupa visivyo na lebo, kwani mkulima hunyimwa kipimo na tahadhari kwa pamoja. Usajili wa profenofosi humhusu Msajili aliye chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.