mhakiki (wa makala ya kitaaluma)

Nomino, ngeli ya A/WA, wingi wahakiki. Hutokana na kitenzi hakiki, chenye asili ya Kiarabu. Ni mtaalamu anayesoma mswada uliopelekwa kwenye jarida, kama vile Kiswahili la TATAKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akamshauri mhariri iwapo uchapishwe, urekebishwe au ukataliwe.

Matumizi: Asichanganywe na mhariri, mwenye uamuzi wa mwisho, wala na mhakiki wa fasihi, anayejadili kazi iliyokwisha kuchapishwa. Mfasiri aepuke kupitia mswada. Kitenzi hicho hakibebi uzito wa hukumu.

Wajibu: Kutunza siri, kutangaza mgongano wa masilahi, kutojinufaisha kwa mswada. Tuseme mtafiti amekusanya msamiati wa Kinyambo kwa wazee wa Ihembe, wilayani Karagwe. Wataalamu wa lugha hiyo si wengi. Hata jina la mwandishi likifichwa, mhakiki aweza kumtambua. Hapo hana budi kumwarifu mhariri. Akiuchapisha msamiati huo kwa jina lake, huo ni wizi wa kitaaluma, na waliodhulumiwa ni mtafiti pamoja na wazee waliompa maneno.