Ubongo huamuaje penye shaka?

Mvuvi wa Malindi anayesimama ufuoni alfajiri katika msimu wa kusi hana hakika kama bahari itampa samaki au itamchosha bure. Hata hivyo huamua: ama aishushe ngalawa, ama arudi nyumbani na nyavu zake.

Kwanza ubongo hubashiri kitakachopatikana, kisha huulinganisha utabiri huo na kilichopatikana. Mnamo 1997 Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza, kutokana na majaribio ya kima, kwamba seli zinazotoa dopamini huchangamka malipo yanapozidi matarajio, hutulia yanapolingana nayo, na hupunguza mwendo yanapokosekana. Kutokana na tofauti hiyo ubongo hujifunza.

Kigumu zaidi ni kujua uzito wa funzo lenyewe. Nyavu zikitoka tupu leo, je, ni mkosi wa siku moja au samaki wamehama? Anayehama mwamba kila akikosa atahangaika; asiyehama kamwe atalala njaa. Mwaka 2007 Timothy Behrens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba ukanda ulio katikati, upande wa mbele wa ubongo, hufuatilia kasi ya mabadiliko. Mambo yakigeukageuka, mtu huyapa uzito matokeo ya karibuni. Yakitulia, hutegemea mazoea ya siku nyingi. Manahodha wa zamani, nadhani, walilitambua hilo bila mashine ya kupiga picha za ubongo.

Kazi hiyo yote huhitaji kumbukumbu na umakini, na hapo ndipo Kilifi inapoingia. Tangu 1989 taasisi ya KEMRI na shirika la Wellcome Trust la Uingereza wanaendesha utafiti mjini humo, malaria kali ya watoto ikiwa miongoni mwa mada kuu. Katika malaria ya ubongo, chembe nyekundu zenye vimelea hunata ndani ya mishipa midogo ya ubongo. Uchunguzi wa Kilifi uliochapishwa 2005 ulibaini kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne walionusurika alibaki na upungufu wa kudumu wa akili, ukiwamo wa kumbukumbu, lugha au umakini.

Mzazi naye huamua gizani. Mtoto akishikwa na degedege usiku, wako wanaodhani ni pepo au ndege, wakamwendea mganga kwanza. Homa yenye degedege au kupoteza fahamu ni dharura ya hospitali, usiku huo huo.