Marianne North: Mchoro Uliotangulia Maelezo

Marianne North (1830–1890), mzaliwa wa Hastings, Uingereza, hakusomea rasmi elimu ya mimea. Hata hivyo, tangu mwaka 1871 alizunguka dunia akiichora mimea kwa rangi za mafuta. Mwaka 1876, huko Sarawak, alichora mmea alioletewa, ulao wadudu na wenye majani yaliyoumbika kama mitungi. Picha hiyo ilipofika London, wauza mimea walimtuma mtu kuutafuta. Na mwaka 1881 Joseph Hooker aliuita Nepenthes northiana. Hapa mchoro ulitangulia maelezo ya wataalamu. Picha zake zimetundikwa Kew tangu 1882, na leo ni zaidi ya 800. Hivyo basi, kumhesabu kuwa msanii tu ni kumpunja: aliiongoza elimu kwa brashi.