Nani alimlipa mwalimu? Bajeti ya taifa na elimu ya msingi bila malipo nchini Kongo

Tangu Septemba 2019, serikali mpya ya Rais Félix Tshisekedi ilipoondoa malipo ya wazazi katika shule za msingi za umma, lawama moja imesikika kuliko nyingine zote: kwamba nchi ilijitwika mzigo isioweza kuubeba. Wachumi waliisema, na wakuu wa shule pia waliisema, hata wazazi wengine walioona darasa la watoto 50 likigeuka kuwa la watoto 100. Katika makala haya tunadai kwamba lawama hiyo, ingawa haikosi ukweli, imeisahau historia. Gharama ya kumlipa mwalimu haikuzaliwa mwaka 2019. Ilikuwa ikilipwa kwa muda wa karibu miaka 30, ila haikuandikwa katika daftari la taifa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitwaa shule za makanisa. Mwaka 1977, ulipoona kazi imeushinda, ulitia sahihi mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi, mishahara ikibaki juu ya serikali. Ndizo shule tunazoziita hata leo za mkataba, nazo ndizo zilizo nyingi kati ya shule za umma. Lakini bei ya shaba ilikuwa imekwisha kuanguka, na mipango ya kurekebisha uchumi ya miaka ya 1980 ikakata matumizi ya elimu kwanza, maana mwalimu wa kijijini hana wa kumtetea. Kisha ikaja miaka ambayo sisi wa Katanga hatuhitaji kusimuliwa. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Oktoba 1993 zaire mpya 1 ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mshahara wa mwalimu, hata ulipofika, ulikuwa karatasi tu.

Hapo ndipo maaskofu na vyama vya wazazi walipokubaliana, kati ya mwaka 1992 na 1993, kwamba wazazi wachange ili masomo yasife. Mchango huo uliitwa primu ya mwalimu. Ulikusudiwa kuwa wa muda. Hatuwezi kuwalaumu waliouanzisha, kwa kuwa bila wao kizazi kizima kingekaa nyumbani.

Lakini dawa ya muda ikawa chakula cha kila siku. Si mwalimu peke yake aliyekula. Fedha iliyokusanywa darasani iligawanywa: sehemu ilibaki shuleni, nyingine ilipanda kwenye ofisi ya msimamizi wa mtaa, kisha ya jimbo, na kuendelea juu. Mgawanyo huo uliitwa kwa neno la Kifaransa ambalo hutumika pia kwa kupitisha hewa, na kweli fedha ilipita kama hewa, bila kuonekana. Kwa maneno mengine, mtoto wa darasa la pili alikuwa akiigharimia ofisi ya serikali, badala ya serikali kumgharimia yeye. Hiyo ilikuwa kodi kamili, yenye wakusanyaji na adhabu yake. Haikupigiwa kura Bungeni wala kukaguliwa na mtu. Tena ilikuwa kodi mbaya kuliko zote, kwa sababu mfanyakazi asiyelipwa mshahara kwa miezi kadhaa alitozwa sawasawa na tajiri wa mjini. Nani katika Lubumbashi asiyekumbuka asubuhi ya kusoma majina, wasiolipa minervali wakikusanya madaftari yao mbele ya wenzao? Katika familia yenye watoto watano, baba na mama walikaa usiku wakichagua nani aendelee, na mara nyingi binti ndiye aliyebaki nyumbani.

Katiba ya Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Mwaka 2010 ulijaribiwa mwanzo wa polepole, darasa baada ya darasa, lakini Kinshasa na Lubumbashi ziliachwa nje, na penginepo michango ilirudi kwa majina mapya. Kwa hiyo jambo jipya la mwaka 2019 halikuwa ahadi. Jipya lilikuwa kuihamishia gharama kwenye bajeti.

Hapa ni lazima tuseme kweli. Bajeti ya mwaka 2020 ilipitishwa kwa takriban dola bilioni 11, na makusanyo halisi hayakufika hata nusu. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kwa elimu Juni 2020, jambo linaloonyesha kwamba hazina peke yake haikutosha. Walimu wengi walibaki katika kundi la wasiolipwa, wakiwa wamepoteza primu bila kupata mshahara. Huo ulikuwa udhalimu, wala hatuufichi. Hata hivyo, kasoro hizo ni za bajeti iliyo ndogo na isiyotekelezwa ipasavyo. Haziwi hoja ya kuurudisha mzigo mabegani mwa mama muuza unga. Nchi hii ina mahali pengine pa kutafuta. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 ilipandisha mrabaha wa shaba kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na kobalti, iliyotangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo, ikafikia asilimia 10. Anayesema fedha haipo na atwambie kwanza hiyo imekwenda wapi.

Wapinzani wetu husema pia kwamba mzazi alipolipa alikuwa na sauti shuleni. Tunaikubali nusu yake. Alikuwa na sauti mbele ya mkuu wa shule. Mbele ya ofisi zilizopokea sehemu ya fedha yake, hakuwa nayo. Daftari la taifa, hata likiandikwa vibaya, lina mahali pa kuulizia. Oktoba 2021, walimu walipogoma, wanafunzi wa Kinshasa wakiwa katika sare zao waliingia katika Jumba la Watu, makao ya Bunge, wakidai masomo yaanze tena. Mwaka 1995 watoto kama hao wangerudishwa nyumbani kuwaambia mama zao watafute fedha.